Mmoja Amewabeba Wenzake

Nilikwenda kwenye onyesho hili nikiwa nimeshaamua kulisifu. Ndiyo kawaida yetu baadhi ya wanafunzi wa uzamili tunaoandika habari za muziki Morogoro: wapigaji wa piano, fidla na selo wakifika mjini kwetu, tunawasifu kwa sababu wamekuja. Safari hii nilikaa na mjomba wangu, aliyeteremka kutoka Mgeta kwa shughuli zake. Ujanani alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ambayo haikuwahi kurekodi. Yeye ndiye aliyeniharibia sifa zangu.

Ukumbi ni wa jumuiya, mdogo, upande wa Kilakala, chini ya milima. Viti ni vya plastiki, na watu hatukufika 40. Piano halisi haikuwepo. Palikuwa na kinanda cha umeme. Sikuona ubaya. Muziki wa aina hii ulizaliwa sebuleni, na ukaribu ule ulitufaa: tulimsikia mpiga selo akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Walifungua na Haydn, trio yake ya mwaka 1795 ambayo sehemu yake ya mwisho ina mtindo wa Kihangaria. Waliipiga vizuri, hasa mwishoni, ambapo mpiga kinanda alikimbia bila kuwaacha wenzake. Trio hiyo ilichapishwa London kama sonata ya piano inayosindikizwa na fidla na selo, na ndivyo ilivyo. Piano inashika karibu kila kitu. Selo inafuata zaidi mkono wa kushoto wa mpiga piano, kwa kuwa besi ya piano za wakati ule ilikuwa nyembamba. Mmoja anabeba, wawili wanasindikiza.

Kisha wakapiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, kwa mpangilio wao wenyewe. Ukumbi ukaamka. Huyu ni wa mji huu, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Watu wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nami nilikuwa naandika kwenye daftari kwamba hatimaye muziki wetu umepata heshima yake, umeme ukakatika.

Kinanda kikanyamaza. Fidla na selo ziliendelea kwa sekunde chache, na tukasikia zilichokuwa zikifanya muda wote: fidla imeshikilia nota moja ndefu, selo inadonoa mojamoja. Wimbo haukuwepo. Wote ulikuwa ndani ya kinanda.

Mjomba akaniinamia gizani. "Mpwa wangu, mmoja amewabeba wenzake. Bendi haiko hivyo."

Nilitaka kumbishia, nikakosa hoja. Katika dansi ya miaka ile, gitaa la solo, la ridhimu na la besi kila moja lina njia yake, na wimbo ni pale njia hizo zinapokutana. Ukiondoa solo, watu bado wanacheza. Ukiondoa ridhimu, shimo linasikika. Wapangaji wetu walichukua sauti ya Mbaraka wakauacha ule mgawanyo wa kazi, kisha wakaivika nguo ya Haydn. Kwa Haydn nguo hiyo ilimkaa, maana aliishona mwenyewe. Hapa ilibana. Na heshima niliyokuwa naiandika ilikuwa heshima ya nguo tu.

Gizani, mpiga selo aliweka upinde chini akaanza kudonoa besi, ile ya gitaa hasa. Mwenye fidla akatafuta solo. Alikosea mara mbili, akaipata. Mpiga kinanda, asiye na kinanda, akagonga ridhimu kwenye kiti. Mjomba alikuwa akipiga paja lake. Zilikuwa dakika tatu hivi, zenye makosa mengi, na kwa mara ya kwanza jioni ile niliwasikia watu watatu.

Umeme uliporudi, watu wakashangilia. Wapigaji nao wakarudi mwanzo wa "Shida", wakaipiga kama ilivyoandikwa.

Wana vipaji, na wakija tena nitalipa kiingilio tena. Ila wauandike upya mpangilio ule, na kabla ya kuuleta jukwaani waujaribu kinanda kikiwa kimezimwa.