Abunuwasi Alikuwa Mshairi

Nikiwa darasa la tano, mwalimu aliniita Abunuwasi mbele ya wenzangu. Nilikuwa nimemwambia daftari langu limeliwa na mbuzi. Darasa zima likaangua kicheko, na jina likaniganda mpaka nikamaliza shule ya msingi. Sikulichukia. Kila mtoto alimjua jamaa huyo: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani, eti imezaa. Jirani akapokea vyote viwili bila swali. Alipoazima tena, akasema imekufa. Sasa wewe uliyekubali kwamba sufuria huzaa, utakataaje kwamba hufa?

Nikaja kulikuta jina hilo chuoni, kwenye historia ya ushairi wa Kiarabu. Nikadhani ni makosa ya uchapaji. Kumbe Abu Nuwas alikuwa mtu kweli. Jina lake hasa ni al-Hasan ibn Hani. Alizaliwa Ahwaz, Iran ya leo, katika karne ya 8, mama yake akiwa Mwajemi, na akafia Baghdad. Abu Nuwas ni lakabu tu, inahusu nywele zake zilizoning'inia. Alisifu mvinyo na mapenzi ya wanaume bila kuficha, akawacheka washairi wa mjini waliokuwa bado wanalilia mahame ya jangwani. Aliwahi kutupwa jela.

Baada yake, jina likaanza safari bila mashairi. Kwenye Alfu Lela Ulela akawa mcheshi wa Harun al-Rashid. Kwa Waswahili akabeba visa ambavyo Waturuki humsimulia Nasreddin. Hicho cha sufuria ni kimojawapo. Kitabu cha Hekaya za Abunuwasi, cha miaka ya 1930, kikamwingiza madarasani. Baghdad ana barabara yake kando ya mto Tigris. Hata kwenye sayari ya Zebaki kuna shimo lenye jina lake.

Heshima zote hizo, lakini Januari 2001 Wizara ya Utamaduni ya Misri iliamuru nakala kama 6,000 za vitabu vya mashairi yake zichomwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina linaweza kuwa maarufu kiasi cha kuufunika mdomo wa mwenyewe. Mcheshi hana shida na mtu. Mshairi ndiye anayechomwa.

Na sisi je? Kusema ukweli, hatujamtendea haki, ila hatukumpoteza kabisa. Zisome upya hekaya zile uone anayeumbuliwa ni nani: tajiri, jirani mwenye tamaa, sultani. Ujanja wa Abunuwasi hupanda juu, kama ulimi wa yule mshairi. Ndiyo maana naudhika nikisikia mtaani wakala aliyekodisha chumba kimoja kwa watu wawili akiitwa Abunuwasi, au mwanasiasa aliyekula pesa za dawa za hospitali. Hao wanamwibia mnyonge. Katika hekaya, nafasi yao ni ile ya sultani.

Ninachotaka ni kidogo tu: kitabu kimoja cha Kiswahili chenye sufuria kurasa za mbele na mashairi yake kurasa za nyuma. Mtoto acheke kwanza. Akishakua, afungue upande wa pili akutane na mwenye jina.