Kukimbilia Zamani

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta na kuingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, Reli ya Kati ikakatika. Tangu hapo, mvua kubwa ikinyesha usiku, wengi wetu hulala sikio moja likiwa mtoni. Usiku wa namna hiyo mimi hufungua riwaya ya kihistoria, wala sioni aibu kusema kwamba nakimbia.

Ninakokimbilia kuna mafundi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya ya Myombekere na mkewe Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa 1980, yeye akiwa amepita miaka themanini. Myombekere amenyang'anywa mke na wakwe kwa kuwa hawajajaliwa mtoto, na ili arudishiwe lazima apeleke pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye pupa angesema tu kwamba pombe ilipikwa, ikapelekwa. Kitereza hana pupa. Ndizi zivundikwe, zikamuliwe, majirani waitwe, kila salamu ijibiwe kwa utaratibu wake. Nikiwa katikati ya kazi ile huwa sikumbuki tena mvua, kwa sababu na mimi nina pombe ya kuangalia isiharibike.

Halafu kuna *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa deni la baba yake, anaingia bara na msafara wa tajiri. Misafara kama ile ilipita kwetu: ikitoka Bagamoyo ilivuka mbuga ya Mkata na kufuata bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa. Masika ya 1871 msafiri mzungu Stanley alitaabika vibaya katika matope ya Mkata. Leo sehemu ya mbuga hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na abiria wa mabasi ya Iringa huchungulia twiga na nyati dirishani.

Gurnah alijua utawala wa Wajerumani na vita vya 1914 vingeishia wapi, lakini Yusuf hamdokezei mwisho huo. Ufundi huu nauheshimu kuliko mwingine wowote: kumwacha mhusika aamke bila kuijua kesho yake. Sisi wasomaji tunaijua, tunamhurumia, na katika kumhurumia yeye hofu zetu wenyewe zinalegea, maana zamani yake nayo ilikuwa leo yenye giza kama hii yetu.

Natamani fundi wa aina hiyo atuandikie mpagazi mmoja wa Mkata, asiyejulikana jina katika vitabu vya wazungu. Aniambie mzigo ulimchubua bega gani, alilala wapi nguo zikiwa hazijakauka, na kipande cha kitambaa cha merikani alichopewa cha posho alikibadilisha kwa unga au kwa chumvi.