AKISAMI: Wanazikariri, hawazijumlishi

Vitabu vya marudio nilivyovipitia huorodhesha akisami kama msamiati tu: nusu, theluthi, robo, khumusi, sudusi. Mtoto anakariri, basi. Muulize theluthi na sudusi ni ngapi, kimya. Ilhali mtoto huyohuyo wa Kayole akitumwa dukani sukari nusu kilo, kisha mama aongeze robo, anajua ni robo tatu. Amegeuza nusu kuwa robo mbili! Ndiko kusawazisha asili, ile namba ya chini. Vivyo hivyo theluthi ni sudusi mbili. Ongeza moja, zinakuwa tatu, yaani nusu. Toa theluthi kwenye nusu, inabaki sudusi. Mwalimu wa hisabati anafunza hayahaya, ila kwa Kiingereza, na mwenzake wa Kiswahili anasahihisha tahajia.