Tenki la Maji Mgongoni mwa Gari

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hesabu ya gari la kubebea maji huanzia hapo. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla ya kuongeza uzito wa tenki lenyewe, fremu, pampu, mipira na watu wa mbele. Hiace ya mizigo hubeba takriban tani moja, ikizidi au kupungua kidogo kutegemea toleo. Kirikuu, ile pikapu ndogo yenye injini ya sentimita za ujazo 660, ilikadiriwa huko Japani kubeba kilo 350 tu. Kwa hiyo fundi mzuri husoma kibao cha kiwanda kabla hajashika futi ya kupimia sakafu. Akiletewa kirikuu na tenki la lita 500, humwambia mteja wazi kwamba tenki hilo si la gari lile, hata kama linaenea. Wala haitoshi kuahidi kwamba litajazwa nusu, kwa sababu tenki la nusu ndilo linalosumbua kuliko yote.

Maji hayakai yalipowekwa. Gunia la mahindi likipangwa vizuri hutulia hadi sokoni, lakini gari lenye maji linaposimama ghafla, maji huendelea na safari, yakagonga ukuta wa mbele wa tenki, yakarudi nyuma, kisha yakaja tena. Kwenye kona hukimbilia upande wa nje na kulivuta gari huko huko. Tenki lililojaa hadi juu halina nafasi ya mchezo huo. Lililo tupu halina cha kuchezesha. Hatari iko katikati. Ndiyo maana tenki refu la chuma hutengenezwa na kuta za ndani zenye matundu makubwa, zinazoyagawa maji na kuyavunja nguvu. Tenki la kawaida la plastiki halina kuta hizo, hivyo dereva wake hujaza kabisa aondokapo na humwaga mzigo wote mahali pamoja inapowezekana.

Sumbawanga ni mahali panapoupima ufundi huu bila huruma. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, juu ya nyanda za Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa mashariki. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni vumbi, nao wajenzi, wafyatua matofali na wenye vitalu vya miche huanza kutafuta gari la maji. Ndani ya mji barabara ni za upole. Lakini njia ya kuelekea Muze, bondeni, huteremka karibu mita 1,000, na ya Kasanga nayo huishia ufukweni mwa Tanganyika baada ya kushuka kiasi kama hicho. Kwenye mteremko wa namna hiyo breki hupata moto, uzito wote huegemea mbele, na kila bolti hudaiwa kazi yake.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo husema vifungo vizuie mbele nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa tenki la lita 1,000 hiyo ni sawa na kuzuia kilo 800 zinazotaka kumfikia dereva. Kamba ya katani haiwezi. Hata mkanda imara ukipitishwa juu ya plastiki peke yake hulegea, kwa kuwa plastiki hubonyea jua linapowaka. Jawabu ni kizimba: fremu ya chuma cha pembe inayolikumbatia tenki chini na pande zote, yenye vyuma bapa juu, na mpira wa tairi kuukuu kati ya chuma na plastiki ili kisichubue. Kizimba ndicho kinachofungwa kwenye gari. Tenki hukaa ndani yake juu ya sakafu iliyo kamili, mbao nene au plaiwudi, kwa sababu tenki la plastiki limeundwa kusimama juu ya uso tambarare. Likiegemezwa kwenye vyuma viwili vitatu hupasuka kitako.

Mahali pa kuliweka pana umuhimu kama vifungo vyenyewe. Uzito uwe chini kadiri inavyowezekana, katikati ya upana wa gari, na mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukipita nyuma ya ekseli, pua ya gari huinuka na usukani huwa mwepesi, jambo baya kabisa kwenye changarawe. Ndani ya Hiace, kati ya tenki na viti, huwekwa ukuta wa chuma.

Kisha huja kazi ya kutoboa, na hapa ndipo subira ya fundi huonekana. Bati la sakafu peke yake halishiki tani moja. Bolti hupita hadi kwenye chesisi au vyuma vinavyoibeba sakafu, na chini huwekwa vipande vya bati nene ili nati zisizame. Kabla ya keekee kuwashwa, fundi hulala chini ya gari atazame tenki la mafuta, mabomba ya breki na nyaya zinapopita. Chesisi hutobolewa ubavuni, kamwe si kwenye kingo zake za juu na chini zinazobeba mkazo. Kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi huepukwa, maana joto hudhoofisha chuma kando ya mshono, na panapolazimu kuchomelea popote garini, betri huchomolewa kwanza.

Chuma si kitu kigeni Ufipa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuru ya udongo ya kimo cha mita tatu hivi yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo kabla mhunzi hajafua jembe. Anayechomelea kizimba leo Sumbawanga anafanya kazi yake katika nchi iliyokwisha kuwaheshimu watu wa moto na nyundo.

Mshono hupigwa nyundo ukasikilizwa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na tenki hujazwa kwa mara ya kwanza gari likiwa limesimama, springi zikitazamwa. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo nati zote hukazwa upya, kwa kuwa mbao na mpira huwa vimebonyea, na hukaguliwa tena kila baada ya barabara mbaya.