Sumaku ya Redio Mbovu

Gari likiletwa kwa Mzee, hafungui boneti. Anatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, anaizungushia kitambaa isikwaruze rangi, kisha anaipitisha ubavuni polepole, kuanzia juu ya tairi la mbele hadi taa ya nyuma. Penye bati tupu sumaku inang'ang'ania. Penye fila, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bati, inalegea, na penye fila nyingi inaanguka chini kabisa. Akimaliza ubavu mmoja ameshajua gari liligongwa wapi, mara ngapi, na kama aliyelitengeneza alikuwa fundi au mwizi.

Gereji yake ni mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi hapa Adungosi, kando ya barabara ya Malaba kwenda Busia. Malori ya Kampala yakipita, vumbi linaingia bila hodi, ndiyo maana rangi anaipuliza alfajiri. Mimi ni mwalimu, sina gari. Huenda pale Jumamosi kwa sababu kuna benchi, na kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mtu anaweza kupiga chuma kutwa nzima bila kukikasirikia.

Wiki tatu sasa ana Mercedes moja nyeupe ambayo karibu kila mtu huku anaijua. Ni muundo wa W123, uliozinduliwa 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi 1986. Kiwanda kilitoa karibu milioni 2.7 za namna hiyo, kwa hiyo mkusanyaji wa magari kule Ulaya hawezi kuliita adimu. Lakini hili limepeleka mabibi harusi kanisani Amukura, Chakol, Malaba, na mara kadhaa hata ng'ambo ya mpaka. Bamba lake bado lina nambari ya mtindo wa zamani isiyo na herufi mwishoni, maana lilisajiliwa kabla ya 1989, mwaka ulioanza mfululizo wa KAA. Mlango wa nyuma wa kushoto, ule anaoshukia bibi harusi, uligongwa na mkokoteni.

Nilikuta Mzee amekwisha kusugua msasa pale palipobonyea. Akaniita. "Mwalimu, njoo usome."

Kuzunguka chuma kitupu palikuwa na miviringo ya rangi, mmoja nje ya mwingine, kama gogo lililokatwa. Wa nje kabisa ulikuwa mweupe. Ndani yake damu ya mzee, halafu mweusi, na mwisho kabisa ile rangi ya kijivu ya kiwandani. Kitabu cha gari kinataja wenye gari watatu. Mzee akaweka kidole kwenye mweusi: huyu alikuwa mkubwa fulani, na rangi yake ilipulizwa kwa pesa. Akakipeleka kwenye damu ya mzee: huyu alikuwa na haraka, hakusugua vizuri chini. Weupe ni wa harusi, umerudiwa mara mbili.

Nikamwambia kwamba gari la 1978 hivi, katika nchi hii ya mpakani, linanukia kahawa. Wenye umri wa Mzee hawahitaji maelezo. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikawa inavushwa usiku kupitia Chepkube kuja Kenya. Watu walilala maskini wakaamka na magari. Mzee alicheka, hakukubali wala kukataa. Alirudi kwenye bati. "Mimi najua alikuwa na haraka," akasema. "Pesa alizitoa wapi, kaulize msasa wako."

Hapo nikaelewa ninachokipenda kwake. Karatasi humtaja aliyemiliki gari, lakini haisemi alikaa nalo vipi. Hilo liko kwenye bati, na wanaoweza kulisoma si wengi.

Kuna gari katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, barabara ya Shaaban Robert, ambalo nimetamani siku nyingi Mzee alipapase. Ni Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Mwingereza, kisha na Mwalimu Nyerere. Ukilitazama kwa jicho la karatasi, historia yake inakaa kwenye mstari mmoja: lilikuwa la gavana, likawa la rais. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri, na kiti cha nyuma kikapata mtu mwingine. Lakini kiti kile kile, milango ile ile. Nadhani hata kitambaa cha kufutia krome hakikubadilishwa siku hiyo.

Nilipomsimulia, Mzee aliuliza swali ambalo makumbusho hayaulizwi mara nyingi: bodi aliijenga nani? Ni swali la haki. Katika enzi ya magari kama hayo, Rolls-Royce waliweza kukuuzia fremu na injini tu, na bodi ikajengwa kwingine, kwa mafundi kama Hooper, James Young au H. J. Mulliner. Msomaji wa Kenya asishangae. Mabasi yetu ya Isuzu hujengwa hivyo hivyo, fremu inakuja bila bodi na vijana wa Nairobi wanaivalisha. Tofauti ni muda. Wale walitengeneza mifupa ya mbao ya mti uitwao ash, kisha wakaivalisha bati la aluminiamu lililokunjwa kwa mkono, likipitishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma, mbele na nyuma, mamia ya mara, mpaka likapata tumbo la mlango. Rolls-Royce za aina ya Phantom IV, zilizokusudiwa wafalme na wakuu wa nchi, zilijengwa 18 tu kati ya 1950 na 1956.

"Aluminiamu," Mzee akasema, akaitazama sumaku yake. "Basi hii ingeanguka gari zima. Ningesema lote ni fila."

Lililompendeza zaidi ni Mercedes 600, kubwa lao. Kati ya 1963 na 1981 yalitoka 2,677 tu, na kati ya wenyewe walikuwamo Jomo Kenyatta na Mobutu. Ndiyo miaka ambayo Kiswahili cha Kenya kilitupatia kabila jipya, Wabenzi. Katika gari hilo vioo, viti na hata kifuniko cha buti havisukumwi na mota za umeme bali na oili yenye shinikizo kubwa, inayopita kwenye vijibomba kimyakimya. Mzee alifikiri sana. "Siku oili ikivuja," akasema, "rais ananyeshewa."

Lakini gari ninalolikumbuka zaidi halina tena kioo cha kupandisha. Liko Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka Malaba, ndani ya Lubiri ya Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia ikulu hiyo ya Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda. Mutesa alitoroka, akafia London mwaka 1969. Rolls-Royce yake haikutoroka. Mabaki yake yaliyoungua ndiyo huonyeshwa wageni. Katika jiji hilo hilo, Makumbusho ya Uganda yana Mercedes ya Amin, nzima. Aliyevamia gari lake limehifadhiwa kwenye kivuli, na aliyevamiwa lake ni chuma kilichoungua. Nilimsimulia Mzee nikitarajia aseme neno kuhusu dhuluma. Yeye aliuliza kama chuma kile kinapakwa grisi. Mvua ya Kampala, alisema, haijui Kabaka.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya mlango alishikilia kipande cha reli ya zamani, nje akawa anapiga kwa kipande cha springi ya lori alichokinyoosha na kukipolishi. Hapigi palipobonyea. Anapiga ukingoni, pale bati lilipovimba, na bonde linapanda lenyewe. Mahali palipotanuka alipachoma kwa gesi, doa dogo kama sarafu, likawa jekundu, kisha akalibandika kitambaa chenye maji. Tss. Bati likajikunyata. Baada ya kila mapigo machache aliweka nyundo chini, akafumba macho na kupitisha kiganja, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeshazoea nyundo na hausikii tena. Jioni alimwaga maji mlangoni akachuchumaa kutazama jua lilivyolala juu yake. Mstari wa jua ukipinda, anarudi na springi. Ulipinda mara nne. Fila aliyoweka mwishoni ilikuwa nyembamba kama ngozi ya maziwa.

Ugumu wa kumsifu fundi wa bodi ni kwamba kazi yake ikionekana, ameshindwa. Mlango sasa hauna kitu cha kutazama. Nimekaa benchi lile wiki tatu nikiangalia mtu akifuta alama za mkokoteni, na pamoja nazo alama za nyundo yake mwenyewe.

Alipokuwa akirudisha kava ya ndani ya mlango kabla ya kupaka rangi, zilidondoka pini za maua, vipande vya karatasi ya rangi, na sarafu ya Uganda ya shilingi kumi, ya mwaka 1987. Kijana wake alitaka kuitia mfukoni. Mzee aliichukua, akaifuta kwa shati, akairudisha mle ndani ya mlango, akakaza skrubu.

Gari linatoka Jumamosi saa moja asubuhi kwenda Chakol. Rangi itakuwa haijakauka sawasawa. Mtakaokuwa harusini, tafadhali msiegemee mlango wa nyuma wa kushoto.