Ofisi Isiyo na Benchi

Katika kurasa zilizotangulia nimehakiki vitabu na nyimbo kadiri ya uwezo wangu. Hapa napenda kuhakiki kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni maandishi. Nazungumzia zile kurasa za mtandaoni ambazo vyuo vyetu siku hizi huzitumia kuwahudumia wanafunzi. Mwanafunzi hujisajili humo, huomba bweni humo, hupata humo namba ya kulipia ada, huona humo matokeo yake, na akiugua au akifiwa hutakiwa aandike humo humo. Sijui kama kuna kitabu kinachosomwa na vijana wetu mara nyingi kiasi hicho. Basi maandishi ya namna hiyo yanastahili mhakiki kama yanavyostahili riwaya.

Haki itangulie. Sisi tuliosoma na kufundisha katika miaka ya 1970 tunajua huduma ilivyokuwa kabla ya mambo haya. Kijana wa Usukumani aliyetaka kujua kama jina lake limo katika orodha ya chuo alisubiri posta, na posta ikichelewa alipanda treni pale Malampaka akaenda hadi Dar es Salaam kuuliza neno moja. Akifika aliambiwa karani hayupo, njoo kesho. Kesho ilikuwa ni fedha ya kulala na kula, na asiye na ndugu mjini alilala stesheni. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilipoanzisha utaratibu wa pamoja wa kuomba vyuo kwa mtandao, safari hiyo ilikufa. Utaratibu huo wa pamoja wenyewe ulikomeshwa mwaka 2017, waombaji wakarudishwa kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, lakini mtandao ulibaki. Sitaki mtu aseme kwamba mzee huyu wa Binza anaililia karatasi. Karatasi zilitutesa, na mlangoni palikuwa na watu waliotaka chochote kabla ya kulifungua faili.

Pamoja na hayo, nje ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi palikuwa na benchi. Katika chuo cha ualimu nilichosoma, benchi hilo lilikuwa la mninga na limelegea mguu mmoja. Mtu aliyekwenda kuomba ruhusa ya siku mbili alikaa hapo saa nzima, na katika saa hiyo mambo matatu yalitokea bila kupangwa na yeyote. Aliwasikia wenzake wakieleza shida zao, akajua kwamba yake si ya kwanza duniani. Aliambiwa na aliyemtangulia ni karatasi gani inayotakiwa. Na mlezi, kila alipotoka nje, aliwatazama waliokaa. Mlezi wetu alikuwa mkali, lakini alijua kumwona kijana aliyekuja kuomba ruhusa ilhali anahitaji kitu kingine kabisa. Nilipokuwa mkuu wa shule nilimwiga katika hilo. Niliagiza benchi, nami nilikuwa nikitoka nje mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa tuyasome maandishi yenyewe. Mwalimu wa lugha huanza kwa kuuliza nani anasema na nani anaambiwa. Katika kurasa hizi asemaye hayupo. Karibu kila sentensi iko katika kauli ya kutendwa: ombi limepokelewa, akaunti imefungwa, taarifa hazikukubaliwa. Nani amepokea? Nani amefunga? Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniandikia insha ya namna hiyo ningemzungushia kalamu nyekundu, maana Kiswahili kinamruhusu mtu kumficha mtenda lakini hakimlazimishi. Na sehemu kubwa ya kurasa hizo haimo hata katika Kiswahili. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu wa kompyuta, anasomewa mtoto ambaye juzi tu alikuwa akitoa palizi ya pamba.

Msomaji anayedhaniwa naye ana sura yake. Ni mtu mwenye simu kubwa yenye chaji, mwenye anwani ya baruapepe anayoifungua kila siku, asiyesahau nywila, na ambaye laini yake ya simu imebaki ile ile tangu alipoomba chuo. Mtu huyo yupo, nimekutana naye Mwanza. Hapa kwetu ni mgeni.

Hapa kwetu yupo kijana wa steshenari. Yeyote anayetaka kujua huduma za wanafunzi kwa mtandao zinavyofanya kazi mkoani Simiyu asiende kwenye tovuti, akakae steshenari mwezi wa saba au wa nane, wakati wa maombi ya vyuo na ya mikopo. Pana kompyuta moja, mashine ya kunakili na foleni. Chukua ombi la mkopo wa elimu ya juu, ambalo tunaambiwa ni la mtandaoni. Mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima anahitaji cha kifo cha mzazi vile vile. Anajaza fomu katika kompyuta, anaichapa, anaipeleka kwa viongozi wa serikali ya kijiji au mtaa isainiwe na kupigwa muhuri, anaipeleka mbele ya wakili au hakimu, kisha anairudisha steshenari ipigwe picha na kuingizwa tena kwenye kompyuta. Mtandao uko mwanzoni na mwishoni, na katikati ni miguu ya mtoto na baiskeli ya baba yake. Sisemi kwamba saini hizo hazina maana, kwa kuwa fedha ya umma lazima ilindwe. Nasema tu kwamba kazi yote ya kumwongoza mwombaji katika safari hiyo, yaani kumwambia anza hapa, usisahau hiki, jina hili halifanani na la cheti, inafanywa na kijana wa steshenari ambaye hakuna chuo kinachomjua wala kumlipa. Yeye ndiye mlezi wa wanafunzi wa zama hizi. Wengi wao ni wakweli. Lakini mara nyingi yeye ndiye aliyefungua ile baruapepe, nywila iko katika daftari lake, na namba ya simu iliyoandikwa katika fomu ni yake. Siku akihamia Geita kuchimba dhahabu, ameondoka na ufunguo wa watoto mia moja.

Nitaeleza jambo moja nililolishuhudia, na chuo chenyewe sitakitaja. Binti wa jirani yangu, akiwa mwaka wa pili, aliugua malaria kali wiki ya mitihani akalazwa. Kanuni ya chuo ilimruhusu kuahirisha mitihani kwa barua ya hospitali, na barua hiyo ilitakiwa ipandishwe kwenye mfumo. Aliipandisha kwa simu, akiwa bado ana sindano mkononi. Alijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Likizo ilipoisha matokeo yakatoka, masomo mawili yakaonyesha kwamba hakuhudhuria. Kwa kuwa matokeo hayakutimia, mfumo ulikataa kumsajili mwaka wa tatu. Bila usajili hakuna namba ya kulipia ada. Na bila usajili hata fedha ya kujikimu, ambayo wao huiita bumu, haitoki. Aliandika tena mara nne. Mara nne alijibiwa kwamba limepokelewa.

Nyumbani alisema maneno haya: "Mfumo umenikataa." Baba yake, ambaye hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, aliyaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeyaelewa, kwamba chuo kimemfukuza. Mzee hakukasirika. Alinyamaza tu, na shangazi za binti wakaanza kuzungumza habari za posa.

Alipokuja kwangu alisema, "Shikamoo babu, naomba unisomee hapa, labda mimi sielewi Kiingereza chao." Nilivaa miwani tukasoma pamoja neno kwa neno. Kiingereza alikielewa vizuri. Kasoro ilikuwa kwingine. Picha ya barua ya hospitali ilikuwa nzito kupita kipimo cha mfumo, nao mfumo ulikuwa umeyapokea maneno yake na kuiacha picha nje bila kumwambia. Kila ombi lake lilifika likiwa tupu, na pengine aliyelifungua alimwona kuwa ni mwanafunzi mzembe asiyeambatanisha ushahidi. Namba ya simu iliyoandikwa chini ya ukurasa haikuita. Namba iliyoita tuliipata kwa mwanafunzi mwenzake, aliyeipata kwa mtu anayefanya usafi jengo la utawala. Siku ya nne mama mmoja karani alipokea. Alisikiliza, akamwambia binti amtumie barua ile kwa WhatsApp, akaisoma tukiwa bado tunaongea, akasema, "Pole mwanangu, hili ni dogo." Nilitazama saa: dakika kumi na moja.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hilo ni la ufundi, waongeze kipimo cha picha liishe. Wakiongeze, ni vyema. Lakini kila mfumo utakuwa na picha yake nzito, kitu ambacho aliyeutunga hakukifikiria, na mimi napenda kujua siku hiyo mwanafunzi anakwenda wapi. Nikiulizwa namna ya kupima huduma ya mtandao, sitaanza kwa kuhesabu mambo inayoyaweza.

Na hili si geni kwetu, jambo linaloniudhi zaidi. Nchi hii ilikuwa mwalimu wa kufundisha watu walio mbali. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilisikilizwa na watu karibu milioni 2, lakini hawakuachwa na redio peke yake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi kina kiongozi aliyefunzwa na kijitabu mkononi, na baada ya kipindi walijadiliana kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walimu wa UPE, walioanza kufunzwa vijijini mwao katikati ya miaka ile, walisoma kwa posta na kwa redio, na wakufunzi waliwatembelea shuleni. Nimefanya kazi na walimu hao. Wengine walikuwa dhaifu, nisifiche, lakini sikumsikia hata mmoja akisema kwamba hakujua amwulize nani. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, nacho kilifungua vituo mikoani. Waliokianzisha walijua kwamba mtu anayesoma peke yake usiku kwa taa ya chemli anahitaji siku moja moja aonane na mtu. Leo chuo hicho kinatumia mtandao kwa mambo mengi, na vituo bado vipo. Vyuo vya kukaa bwenini ndivyo, kwa maoni yangu, vilivyoupokea mtandao kwa pupa, hasa baada ya kufungwa kuanzia mwezi Machi hadi mwisho wa Mei 2020 kwa ajili ya korona. Vilidhani kwamba kwa kuwa mwanafunzi yuko pale pale, hahitaji kituo.

Nitatoa mfano wa mbali, maana mara nyingi tunaambiwa kwamba huko kwenye maendeleo kila kitu kinafanywa na mashine. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, kilianza kutumia programu ya kujibu maswali ya wanafunzi waliochaguliwa lakini hawajaripoti. Tatizo lao lilikuwa kama letu: watoto wa familia zisizo na uzoefu wa chuo hupotelea katika fomu za kiangazi, na masomo yakianza hawaonekani. Programu ile ilijibu maswali zaidi ya 200,000 katika msimu wa kwanza, na idadi ya waliopotea ikapungua kwa takriban asilimia 20. Wakubwa wetu wakisikia hayo watataka kuinunua kesho. Watazame kwanza mambo mawili. Iliwafikia watoto kwa ujumbe mfupi wa simu, ule unaoingia hata katika simu ndogo ya tochi, bila kuwataka wafungue ukurasa wowote. Na swali ambalo mashine haikuliweza lilipelekwa kwa mtumishi wa chuo, mtu kamili. Mashine ilichukua maswali mepesi, ikampa mtumishi nafasi ya kuyashughulikia magumu. Kwetu naona hatari ya kufanya kinyume chake: mashine inachukua yote, na mtumishi anahamishiwa idara nyingine.

Nilikiandikia chuo kile barua ya kurasa mbili. Sikulalamika, kwa kuwa yule mama karani alinifuta machozi. Niliomba chini ya kila jibu la mashine paandikwe jina la cheo cha anayehusika, namba moja ya simu inayopokelewa, na saa za kupokelewa, kwa Kiswahili. Niliongeza kwamba hata saa mbili kwa siku zinatosha, kwa kuwa ni heri saa mbili za kweli kuliko saa ishirini na nne za mlango usio na mtu.

Binti alirejea chuoni, akafanya ile mitihani miwili na kufaulu wote. Namba ya yule mama ameiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kitambulisho chake. Ananiambia wenzake chumbani, wanne, wamekwisha kuinakili.