Mwana Hiti Nyuma ya Kioo

Siku moja, katika jumba la makumbusho huko Ulaya, nilimkuta mwana hiti amewekwa nyuma ya kioo. Ni kipande cha mti kilichochongwa mfano wa mwanamke: kiwiliwili cha mviringo kama mchi, matiti mawili, kitovu, na nywele zilizopambwa. Hana mikono wala miguu. Wageni waliosimama karibu nami walinong'ona na kucheka. Walichokiona wao ni uchi.

Kwetu Uluguru, kama kwa jirani zetu Wakwere na Wazaramo, mwana hiti hakuchongwa ili atazamwe. Alikabidhiwa mwali aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Mwali alimpaka mafuta na kumtunza kama mtoto, huku akifundwa juu ya mwili wake, mahaba na uzazi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kuwa sanaa ya wazee wetu haikugusa ashiki, na kwamba mambo hayo yaliletwa na filamu za kigeni. Iligusa, tena waziwazi, ila iliifungamanisha na malezi. Mshairi Mmarekani Audre Lorde, katika insha yake ya mwaka 1978, naye alitenga ashiki na picha za ngono: ya kwanza ni nguvu iliyomo ndani ya mwanamke, ya pili huinyima nguvu hiyo hisia zake.

Hata hivyo, tusiisifu mila kupita kiasi. Wachongaji wengi hawakujali sura ya mwana hiti. Wengine hawana hata mdomo. Mwali naye alifundwa kumpendeza mume, lakini ni nadra kuulizwa yeye mwenyewe anataka nini. Bibi yangu, mzaa mama, alitolewa ndani huko Mgeta akakuta mjomba wake amekwisha kupokea mahari. Aliponisimulia hakulia. Alisema tu kwamba alifundishwa kila kitu isipokuwa kukataa.

Binti yangu sasa ana miaka 13. Sitamweka ndani, wala sitamwachia simu imfunde, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nitamweleza thamani ya mwili wake bila kuona haya, kama bibi alivyoelezwa. Kisha nitamfundisha na lile ambalo bibi hakufundishwa.